Maurice Stokes: Misimu Mitatu ya Mchezaji Kamili

Ndugu Mwenyekiti, makocha, waamuzi, wachezaji na wapenzi wote wa mpira wa kikapu mliohudhuria, nawashukuru kwa kunipa jukwaa hili.

Nimeombwa nizungumzie mchezaji mmoja wa kulipwa wa zamani ambaye maisha yake yana la kuwaeleza wanaoujenga mchezo huu leo. Nimemchagua Maurice Stokes, aliyecheza katika ligi ya NBA ya Marekani kuanzia mwaka 1955 hadi mwaka 1958. Wale kati yenu wanaolijua jina hilo, wengi wanalijua kwa sababu ya kitanda cha hospitali. Wanajua kwamba aliumia kichwa, kwamba alipooza, na kwamba mchezaji mwenzake, Jack Twyman, alimhudumia kwa miaka kumi na miwili. Hayo ni kweli, na nitayafikia. Lakini inaniuma kwamba simulizi hiyo, pamoja na uzuri wake wote, imemfunika mchezaji mwenyewe, hata mtu anaweza kuisikia mara nyingi bila kuambiwa ni mpira wa namna gani Stokes alikuwa akiucheza. Kwa hiyo nitaanza uwanjani, na nitakaa huko kwa muda mrefu kuliko ilivyo desturi ya wanaomsimulia.

Stokes alizaliwa tarehe 17 Juni 1933 huko Rankin, mji mdogo wa viwanda vya chuma kando ya mto Monongahela, jirani na jiji la Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma na mama yake alifanya kazi katika nyumba za watu. Alipokuwa bado mtoto familia ilihamia mtaa wa Homewood ndani ya Pittsburgh, naye akasoma shule ya sekondari ya Westinghouse, ile ile iliyomtoa Chuck Cooper, ambaye mwaka 1950 alikuwa Mwafrika Mmarekani wa kwanza kuchaguliwa katika drafti ya NBA, yaani zoezi la kila mwaka ambalo klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Naomba makocha wa shule walisikie hili vizuri: kwa miaka miwili ya kwanza pale Westinghouse, Stokes hakuwa katika kikosi cha kwanza. Alikaa benchi, akasubiri, akafanya mazoezi, na alipopata nafasi shule yake ikatwaa ubingwa wa jiji mwaka 1950 na tena mwaka 1951.

Kutoka hapo alikwenda chuo cha Saint Francis, chuo kidogo cha Kikatoliki kinachoendeshwa na watawa wa Kifransisko katika kijiji cha Loretto, milimani, mbali na miji mikubwa na mbali na macho ya waandishi wa habari. Mchezaji mweusi wa kipaji chake, katika chuo ambacho wengi hawakukisikia, angeweza kumaliza miaka yake minne bila mtu kumwona. Kilichomwokoa ni mashindano ya NIT ya mwaka 1955, yaliyochezwa New York katika ukumbi wa Madison Square Garden, wakati ambapo NIT bado yalikuwa mashindano yenye heshima kubwa kwa timu za vyuo. Saint Francis ilifika nusu fainali, ikakutana na timu ya chuo cha Dayton, na ingawa Stokes alifunga pointi 43, timu yake ilipoteza katika muda wa nyongeza. Katika mchezo wa kuwania nafasi ya tatu ilipoteza tena katika muda wa nyongeza, safari hii mbele ya Chuo Kikuu cha Cincinnati, ambacho mmoja wa wachezaji wake alikuwa Jack Twyman, kijana wa Pittsburgh pia. Saint Francis ilimaliza ya nne. Hata hivyo waamuzi wa tuzo walimpa Stokes tuzo ya mchezaji bora wa mashindano yote, na wakati huo ubingwa ulikuwa umekwenda kwa timu ya chuo cha Duquesne iliyokuwa na akina Dick Ricketts na Sihugo Green. Mchezaji wa timu ya nne kuwekwa mbele ya nyota wa mabingwa ni jambo linalotokea kwa nadra sana katika mchezo wowote.

Wiki chache baadaye, katika drafti ya NBA, Ricketts alichaguliwa wa kwanza na St. Louis Hawks, na Stokes akachaguliwa wa pili na Rochester Royals, klabu ya jiji la Rochester katika jimbo la New York. Katika raundi ya pili Royals wakamchukua Twyman. Hivyo ndivyo vijana wawili wa Pittsburgh walivyojikuta katika chumba kimoja cha kubadilishia nguo.

Ili tuelewe alichokifanya Stokes, inabidi tuifahamu ligi aliyoingia. Ilikuwa ligi ya timu nane tu. Wachezaji weusi walikuwa wameruhusiwa kwa miaka mitano tu, tangu Cooper, Earl Lloyd na Nat Clifton walipoingia mwaka 1950, na katika kila klabu walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Jambo la pili ni la kiufundi, na kwa maoni yangu ndilo linalotusaidia zaidi. Hadi mwaka 1954, timu iliyokuwa mbele iliweza kuushikilia mpira kwa muda wowote iliotaka, wachezaji wakipasiana bila nia ya kufunga, mpaka wapinzani walazimike kucheza fauli ili waupate. Danny Biasone, mmiliki wa Syracuse Nationals, alishinikiza iwekwe saa ya sekunde 24, nayo ikaanza kutumika msimu wa 1954–55. Kila timu sasa ililazimika kurusha. Mitupo ikaongezeka, mipira iliyokosa ikaongezeka, na mbio za kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine zikaongezeka. Mtu mrefu aliyezoea kusimama chini ya kikapu na kungoja apewe mpira alianza kuachwa nyuma na mchezo. Stokes aliwasili mwaka mmoja baada ya kanuni hiyo, akiwa na mwili wa mtu wa chini ya kikapu na miguu ya gadi, yule mchezaji mwepesi anayeuongoza mpira.

Alikuwa na urefu wa futi sita na inchi saba na uzito wa zaidi ya kilo 100, na katika ligi ya miaka ile huo ulikuwa mwili wa kuogopwa. Kazi ya kwanza ya mtu kama yeye ilijulikana: kugombea ribaundi, yaani mpira uliorushwa ukakosa kikapu, kuziba njia, kutoa pasi fupi kwa gadi, kisha kukimbia mwenyewe mbele na kusubiri. Stokes aliifanya hiyo kazi ya kwanza, halafu akaikataa sehemu ya pili. Alipoudaka mpira kutoka ubaoni hakumtafuta gadi wa kumkabidhi. Aligeuka, akaudunda mwenyewe hadi nusu ya pili, macho yakiwa juu, na walinzi waliokuwa wakirudi nyuma walijikuta wakikabiliana na jitu linaloleta mpira kwa kasi huku likiwaona wenzake wawili wanaokimbia pembeni. Wakimfuata yeye, pasi ilikwenda kwa Twyman aliyekuwa tayari kurusha. Wakimwacha, aliingia mwenyewe hadi kikapuni. Kwa makocha mliopo hapa, fikirieni muda unaookolewa: pasi ile ya kwanza kutoka kwa mtu mrefu kwenda kwa gadi, ambayo ndiyo wapinzani hupenda kuikata au kuichelewesha, haikuwepo kabisa. Shambulizi lilianza pale pale ribaundi ilipodakwa.

Bob Cousy wa Boston Celtics, ambaye alikuwa gadi bora wa kizazi hicho na aliyecheza dhidi yake, amemwelezea kuwa fowadi, yaani mchezaji wa mbele, mkubwa wa kwanza aliyeunganisha nguvu na wepesi, na akamfananisha na Karl Malone, fowadi nyota wa miaka ya baadaye, ila mwenye ustadi mwororo zaidi. Nampa Cousy uzito mkubwa katika hili kwa sababu ndiye mtu pekee aliyemzidi Stokes kwa asisti, yaani pasi zinazozaa kikapu, katika misimu hiyo mitatu.

Mchezo wake wa kwanza wa kulipwa ulikuwa dhidi ya New York Knicks. Alifunga pointi 32, akadaka ribaundi 20 na kutoa asisti 8. Ningependa vijana watulie kidogo na namba hizo tatu, kwa sababu zinaonyesha sura yake yote tangu siku ya kwanza: kufunga, kugombea na kulisha, kila moja kwa kiwango ambacho mchezaji mwingine angeridhika nacho peke yake. Katika msimu huo wa kwanza alikuwa na wastani wa pointi 16.8, ribaundi 16.3 na asisti 4.9 kwa mchezo, na katika mchezo mmoja dhidi ya Syracuse alidaka ribaundi 38. Alitangazwa Mchezaji Bora Chipukizi wa Mwaka.

Msimu wa pili, 1956–57, alidaka jumla ya ribaundi 1,256, idadi ambayo hakuna mchezaji yeyote wa NBA aliyekuwa ameifikia katika msimu mmoja kabla yake. Msimu wa tatu ndio ulikuwa wa kukomaa: pointi 16.9, ribaundi 18.1 na asisti 6.4 kwa mchezo. Kwa wastani wa ribaundi alikuwa wa pili katika ligi, nyuma ya Bill Russell wa Boston pekee; kwa asisti alikuwa wa tatu, nyuma ya Cousy na Dick McGuire, ambao wote wawili walikuwa magadi na kazi yao ya kila siku ilikuwa kutoa pasi. Fowadi anayeingia kati ya watu hao amefanya kazi ya watu wawili kwa usiku mmoja, msimu mzima.

Haki inadai tuzisome takwimu hizi kwa macho ya wakati wake. Katika miaka ile wachezaji wa NBA walifunga chini ya mitupo minne katika kila kumi, kwa hiyo mipira ya kugombewa ilikuwa mingi kuliko leo, na ribaundi 18 za mwaka 1958 hazilingani moja kwa moja na ribaundi 18 za sasa. Hilo nalikubali. Lakini hali hiyo hiyo inazipandisha thamani asisti zake, kwa maana asisti haihesabiki mpaka aliyepewa mpira afunge, na wenzake walikosa mara nyingi; tena waandishi wa takwimu wa zama hizo walikuwa wagumu kuitoa. Ukijumlisha misimu yake yote mitatu, michezo 202, unapata ribaundi 3,492, nyingi kuliko za mchezaji mwingine yeyote katika kipindi hicho, na asisti 1,062, za pili baada ya Cousy. Wa kwanza kwa ribaundi na wa pili kwa asisti, ndani ya mtu mmoja. Miaka hiyo hakuna aliyehesabu michezo ambayo mchezaji alifikisha tarakimu mbili, yaani kumi au zaidi, katika safu tatu, kama vile pointi, ribaundi na asisti. Hesabu hiyo ilikuja kuwa maarufu baadaye, na Oscar Robertson ndiye aliyeipa umaarufu, akiwa katika klabu hii hii ya Royals kuanzia mwaka 1960. Robertson na Stokes wangekuwa timu moja. Hilo huwa silifikirii sana kwa sababu linanisikitisha.

Katika miaka hiyo mitatu alichaguliwa kila mwaka kwenye mchezo wa nyota wa ligi, na kila mwaka aliwekwa katika kikosi cha pili cha wachezaji bora wa NBA. Timu yake, hata hivyo, ilikuwa ya kawaida: ilishinda michezo 31 kati ya 72 katika kila msimu wa miwili ya kwanza, na 33 katika wa tatu. Kuna wanaotumia rekodi hiyo kumpunguzia sifa. Mimi naona inaeleza kwa nini alilazimika kuwa kila mahali, kwa sababu Royals walikuwa na mrushaji mmoja wa kutegemewa, Twyman, na mambo mengine mengi yaliangukia mikononi mwa Stokes.

Kuwepo kwake kulibadilisha pia historia ya klabu nyingine. Katika drafti ya mwaka 1956 Rochester ndiyo iliyokuwa na haki ya kuchagua wa kwanza, na Bill Russell alikuwa anapatikana. Walimchagua Sihugo Green, gadi, na moja ya sababu zilizotolewa ni kwamba kazi ya ribaundi ilikuwa tayari na mwenyewe, naye ni Stokes. Russell alichaguliwa na St. Louis, akapelekwa Boston kwa kubadilishana na wachezaji wengine, na yaliyofuata Boston mnayajua: ubingwa baada ya ubingwa. Uamuzi wa Rochester umechekwa kwa miongo mingi, lakini mimi nauelewa. Mtu mwenye Stokes chini ya ubao wake hakuwa mjinga kuamini kwamba anahitaji gadi zaidi kuliko mtu mwingine wa ribaundi.

Mwaka 1957 klabu ilihama Rochester na kwenda Cincinnati, Ohio. Msimu uliofuata ndio ule wa tatu, na ulifikia mwisho wake tarehe 12 Machi 1958, katika mchezo wa mwisho wa msimu wa kawaida, mjini Minneapolis, ambako Lakers walikuwa bado na makao yao. Stokes aliingia kwa kasi kuelekea kikapuni, akagongana na mpinzani, akaanguka vibaya, na kichwa kikagonga sakafu. Alizimia. Akanusishwa dawa kali ya kumzindua mtu aliyezimia, akaamka, na akarudishwa uwanjani kuendelea na mchezo.

Nawaomba tuisimamie sentensi hiyo ya mwisho. Sisemi kwamba watu wa benchi lile walikuwa wakatili. Walifanya kile ambacho karibu kila benchi la wakati ule lingefanya. Mchezaji aliyefumbua macho na kujua jina lake alihesabiwa kuwa mzima, na mchezaji mwenyewe, aliyelelewa katika mtaa wa viwanda, hangeomba kupumzishwa. Leo tunajua kwamba aliyepoteza fahamu baada ya pigo la kichwa hapaswi kurudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yuko salama, kwa sababu uvimbe na madhara ndani ya ubongo vinaweza kujitokeza baada ya saa au siku kadhaa. NBA yenyewe iliweka utaratibu rasmi wa majeraha ya namna hiyo mwaka 2011 tu, zaidi ya nusu karne baada ya Minneapolis.

Siku tatu baadaye, tarehe 15 Machi, Royals walicheza mchezo wa mtoano dhidi ya Detroit Pistons, ugenini. Stokes alicheza. Alifunga pointi 12 na kudaka ribaundi 15, na waliomjua waliona kwamba hakuwa mwenyewe. Baada ya mchezo, timu ikiwa njiani kurudi Cincinnati kwa ndege, alianza kutapika na kutoka jasho, akawaambia wenzake kwamba anahisi kama anakufa. Kisha degedege likampata, akaingia katika hali ya kutojitambua. Alipozinduka hospitalini hakuweza kusogeza kiungo chochote wala kutoa neno. Madaktari walieleza kwamba ubongo ulikuwa umeharibika kutokana na lile pigo, hasa sehemu zinazoongoza mwendo wa mwili. Akili yake ilikuwa nzima kabisa. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Royals walitolewa na Detroit kwa michezo miwili kwa bila, na msimu uliofuata, bila Stokes, walishinda michezo 19 na kupoteza 53. Kwa kipimo chochote cha thamani ya mchezaji, hicho ni kikubwa.

Hapa ndipo anapoingia Jack Twyman kwa jina lake kamili. Wachezaji wa NBA wa mwaka 1958 hawakuwa na bima ya matibabu ya kuwafaa katika janga kama hilo wala hawakuwa na pensheni, na mshahara wa Stokes ulikoma msimu ulipokwisha. Fedha alizokuwa nazo benki hazikuweza kuguswa kwa sababu mwenyewe hakuweza kutia sahihi. Familia yake ilikuwa Pittsburgh na haikuwa na uwezo wa kubeba gharama zile. Twyman, kijana mweupe wa miaka 23 mwenye familia changa, aliyekuwa anaishi Cincinnati mwaka mzima wakati wachezaji wengine waliondoka kila msimu ulipofungwa, alikwenda mahakamani na kuomba awe mlezi wa kisheria wa mwenzake. Akakubaliwa.

Watu husimulia huruma yake, na huruma ilikuwepo. Mimi ningependa pia tuuone uchapakazi wake. Twyman alijifunza sheria ya fidia ya wafanyakazi ya Ohio na akajenga hoja kwamba mchezaji wa mpira wa kikapu ni mfanyakazi kama mfanyakazi wa kiwandani, kwamba alikuwa kazini alipoanguka, na kwamba ugonjwa uliompata siku tatu baadaye ulitokana na kuanguka kule. Hoja hiyo ilipingika kwa urahisi, kwa kuwa Stokes alikuwa amecheza mchezo mzima katikati. Twyman aliishinda. Mfuko wa jimbo ukaanza kugharamia sehemu ya matibabu.

Fidia haikutosha, na kwa hiyo kuanzia majira ya joto ya mwaka 1958 aliandaa mchezo wa hisani katika hoteli ya mapumziko ya Kutsher's, huko Monticello katika milima ya Catskill, kwa msaada wa mwenye hoteli Milton Kutsher na kocha Red Auerbach wa Boston. Nyota wa ligi walikuja kucheza bure mwaka baada ya mwaka, Wilt Chamberlain akiwa miongoni mwao. Mchezo huo uliendelea hata baada ya Stokes kufariki, na mapato yake yakaelekezwa kwa wachezaji wa zamani waliokuwa na shida.

Hayo yote Twyman aliyafanya akiwa bado mchezaji. Katika msimu wa 1959–60 alikuwa na wastani wa pointi 31.2 kwa mchezo. Yeye na Chamberlain, aliyekuwa katika msimu wake wa kwanza, ndio wachezaji wawili wa kwanza katika historia ya NBA kuvuka wastani wa pointi 30. Alikuwa akitoka mazoezini akaenda hospitalini.

Na kule hospitalini kulikuwa na kazi nyingine. Mwanzoni Stokes aliweza kupepesa macho tu. Twyman aliketi kando ya kitanda akazitaja herufi za alfabeti moja baada ya nyingine, na alipoifikia ile aliyoitaka mwenzake, Stokes alipepesa. Herufi ikaandikwa, na alfabeti ikaanzwa upya kutoka mwanzo kwa ajili ya herufi ya pili. Neno moja fupi lilitaka subira ya wote wawili. Kwa njia hiyo waliongea juu ya matibabu, juu ya familia, na juu ya mpira, kwa kuwa Stokes aliendelea kuufuatilia. Kisha yakaja mazoezi ya viungo, saa nyingi kila siku kwa miaka, ya misuli ambayo ilikuwa imekataa kumtii. Wapo wanaozihesabu siku zake za kazi kuwa misimu mitatu. Nidhamu iliyompatia ribaundi 1,256 ndiyo ile ile iliyomwezesha kuvisogeza tena vidole vyake. Alifika mahali pa kuweza kuchapa kwa taipu, na ujumbe wake wa kwanza ulikuwa wa kumuuliza Jack angewezaje kumshukuru. Alijifunza kutamka maneno kwa taabu, akachora, na akaufinyanga udongo.

Wakati huo huo hali ya wachezaji wote ilikuwa inaanza kubadilika. Chama chao, kilichoasisiwa na Cousy mwaka 1954, kilikuwa kikiwaomba wenye klabu kwa miaka kadhaa wakubali mpango wa pensheni, na waliambulia ahadi. Tarehe 14 Januari 1964, mjini Boston, wachezaji wa mchezo wa nyota, chini ya uongozi wa Tom Heinsohn wa Boston, walijifungia katika chumba cha kubadilishia nguo na kukataa kuingia uwanjani mpaka wapewe neno la uhakika, wakati televisheni ya taifa ikisubiri kuurusha mchezo. Walipewa. Oscar Robertson, nyota mkubwa wa Royals wa wakati huo, alikuwa miongoni mwao, na usiku huo akawa mchezaji bora wa mchezo. Watu wote waliokuwa ndani ya chumba kile walijua kuna mwenzao Cincinnati aliyelala kitandani, na aliyekuwa akitibiwa kwa fedha za mchezo wa hisani.

Stokes alifariki tarehe 6 Aprili 1970 kwa maradhi ya moyo, akiwa na umri wa miaka 36. Aliomba mwenyewe azikwe Loretto, katika makaburi ya watawa wa Kifransisko ndani ya chuo chake, na ndiko alikozikwa. Ukumbi wa michezo wa chuo hicho unaitwa kwa jina lake.

Twyman aliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu mwaka 1983. Stokes alisubiri hadi mwaka 2004, miaka 34 baada ya kifo chake, na Twyman ndiye aliyesimama kupokea heshima hiyo kwa niaba yake. Sababu ya kuchelewa ilijulikana: walisema misimu mitatu ni michache mno. Siikubali hoja hiyo. Uchache wa misimu ungekuwa na uzito kama tungekuwa tunakisia kile ambacho angekuja kuwa. Kwa Stokes hakuna haja ya kukisia. Rekodi ya ribaundi ilikuwa imeshawekwa, nafasi ya tatu kwa asisti ilikuwa imeshapatikana, vikosi vitatu vya wachezaji bora vilikuwa vimeshatangazwa, na namna mpya ya kucheza fowadi ilikuwa imeshaonekana mbele ya watazamaji wa majiji manane. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitaji msimu wa nne ili kithibitike.

Twyman mwenyewe alifariki mwaka 2012 huko Cincinnati, na mwaka uliofuata NBA ilianzisha tuzo ya mchezaji mwenzi bora wa mwaka yenye majina yao wawili, ya kwanza ikienda kwa Chauncey Billups. Nafurahi kwamba ipo. Ila hutolewa kwa utu wema, uongozi na moyo wa kujitoa kwa wenzako, na kijana anayelisoma jina la Stokes kwenye tuzo hiyo anaweza kudhani kwamba yeye alikuwa mpokeaji tu wa wema wa mwingine. Ndiyo maana nimetumia sehemu kubwa ya muda wangu kwenye ribaundi na asisti.

Ndugu Mwenyekiti, naona muda wa maswali umefika. Kama makocha wataniruhusu, ningependa tuanze na lile lililoulizwa kabla ya kikao na mwalimu mmoja wa timu ya shule, kuhusu mchezaji anayeanguka, akagonga kichwa, kisha akasisitiza kwamba anaweza kuendelea. Daktari wetu yupo hapa mbele, naye atalijibu pamoja nami. Asanteni.